Mguu Uliokuwa Ukinyoosha Mitumbwi

Wakubwa, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata ninyi ambao hamjaniamkia.

Nimeombwa niwaeleze nilivyougua mguu na nilivyopona, kwa sababu humu ndani yupo ndugu yetu aliyekatwa mkono, na siku hizi amegeukia ukuta, hataki kula. Nitaeleza. Lakini nawaambia mapema kwamba mimi ni mtu wa kujisifu. Anayetaka mnyenyekevu akamtafute mwingine.

Kabla ya vita nilikuwa mvushaji hapa kivukoni. Nilisimama nyuma ya mtumbwi na upondo wangu, ule mti mrefu wa kusukumia, mkononi, nikiwavusha watu waendao Mahenge na watu warudio Ifakara, na mpunga wao, na kuku wao, na mikeka yao. Masika, mto unapofurika na bonde zima kugeuka maji, wavushaji wengine walikaa nyumbani kuota moto. Mimi nilivusha. Mwanamke mwenye mimba akitaka kwenda kwao kujifungua, niliitwa mimi. Hata mke wangu Sida nilimpata hivyo hivyo, maana nilimvusha mara nyingi kuliko safari alizokuwa nazo.

Mitumbwi niliyotumia yote ilichongwa na baba yake Sida. Alikuwa fundi mwenye jina kutoka hapa hadi Malinyi. Nanyi mnajua kwetu mkwe anavyoheshimiwa. Huli naye, humtazami usoni, na ukiwa na neno lako linapita kwa mkeo. Kumkosoa kazi yake ndiyo kabisa, jambo hilo halifikiriki.

Kisha ikaja vita ya maji. Sina haja ya kuwasimulia, wengine mliyanywa maji hayo pamoja nami. Askari wa Wadachi walipofika walichoma nyumba, wakachoma mpunga ghalani, wakaitoboa mitumbwi kwa mashoka ili mtu asivuke. Tukakimbilia kwenye matete, nako wakawasha moto. Katika kukimbia nilikanyaga kisiki cha tete lililoungua. Kiliingia kwenye wayo wa mguu wa kulia, kikakatikia ndani. Sida alikivuta kwa meno, akatema, tukaendelea kukimbia. Nilidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mguu ulivimba, ngozi ikang'aa, halafu ikapasuka, ukatoka usaha wa rangi ya kijani. Ulinuka hata mimi mwenyewe nikawa nageuza uso. Vidole vikawa vyeusi na vikavu, na siku moja nilipofungua majani ya dawa, kidole kidogo kilibaki ndani ya majani. Sida alikizika nyuma ya nyumba.

Nyumba yenyewe haikuwa yetu. Yetu iliungua, hivyo nilibebwa hadi kwa wakwe zangu, nikalazwa kwenye kibanda kilichokuwa jirani na mahali baba mkwe anapochongea. Ulikuwa wakati wa njaa. Sida alichimba ndiga porini, akaziloweka mtoni mpaka sumu itoke, ndipo tukala. Mwanamume mzima, nalala kwa wakwe, nalishwa mizizi na mke. Niliona aibu kuliko nilivyoona maumivu.

Aliyenitibu ni bibi yake Sida, mama wa baba mkwe, mganga wa vidonda. Huyo sikulazimika kumwonea haya, maana bibi ni mtani. Aliniita mume wangu, na Sida akamwita mke mwenzake. Alinusa mguu ule, akaubonyeza, hakucheka.

"Mume wangu," alisema, "mguu huu umekufa ila haujazikwa. Ukiendelea kulala nao, utakuchukua."

Aliukata kwenye kifundo kwa kisu kilichowekwa motoni mpaka kikawa chekundu, baada ya kunifunga juu ya kifundo hicho kwa kamba ya gome. Walininywesha pombe, haikusaidia. Baba mkwe ndiye aliyenishika mabega, na muda wote alitazama pembeni, kwa sababu hata hapo mkwe ni mkwe. Nilipiga kelele zilizowatoa ndege mtoni. Kisha nikashikwa na homa, nikaongea maneno ambayo Sida hajakubali kunisimulia hadi leo. Kila asubuhi bibi alinikosha kwa maji moto na chumvi ya majivu, akatoa vipande vya mfupa, akapaka dawa. Polepole nyama ikaanza kujifunga, nyekundu na safi.

Kidonda kilipopona, mimi ndipo nikaugua. Nikageukia ukuta kama ndugu yetu. Nilijiuliza mvushaji asiye na mguu ni nani, na jibu lilikuwa hakuna. Asiyesimama hawezi kushika upondo, na asiye na upondo atakuwa anakaa kwa wakwe zake akingoja sahani mpaka afe. Nikaacha kula.

Bibi aliniacha kidogo, kisha akaja akakaa kwenye mkeka wangu.

"Umekwisha kulilia kilichokatwa," alisema. "Sasa niambie kimebaki nini."

Nikamjibu kwa hasira kwamba umebaki mdomo na tumbo. Akasema tumbo nalo silitumii, kwa hiyo nimebakiwa na mdomo tu, na huo haujawahi kumvusha mtu. Akaondoka zake. Nilikasirika sana, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nianze kufikiri.

Siku hizo hizo baba mkwe alimaliza mtumbwi wa kwanza tangu vita iishe, mtumbwi mzuri wa mvule. Aliyepewa kuuendesha ni mvushaji mgeni, mtu wa upande mwingine wa bonde. Safari ya kwanza tu ukapinduka katikati ya mto. Watu waliokolewa, mpunga wa mbegu ukaenda na maji, nanyi mnajua mbegu ilivyokuwa adimu. Baba mkwe alisema yule mtu hajui kazi. Kila mtu alikubali.

Mimi nikalala pale nikawaza. Kwenye mitumbwi hiyo hiyo nimesimama miaka yote, na sikuwahi kupindua hata mmoja. Nilijua kwamba mimi ni hodari, hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni uhodari wangu ulikuwa unafanya nini hasa. Nikafumba macho, nikajivusha mwenyewe kichwani, kutoka ukingo huu hadi ule, nikiutazama mwili wangu kama wa mtu mwingine. Mikono hivi. Kiuno hivi. Nilipofika kwenye miguu, nikakaa kitako.

Nikamwita mke wangu kwa jina la mwanetu. "Mama Mashaka, zamani nikirudi kazini jioni, nilikuwa nakuomba unikande wapi?"

"Paja la kulia, Baba Mashaka," alisema Sida. "Sikumbuki umewahi kusema la kushoto."

Hapo nikaelewa. Mitumbwi ya baba mkwe yote ililalia kushoto. Kila siku mguu wangu wa kulia ulikuwa unakandamiza chini ili kuinyoosha, na mimi mwenyewe sikujua. Wavushaji wote wa hapa tulifanya hivyo, tulijifunza kwenye mitumbwi hiyo, tukadhani mtumbwi ndivyo ulivyo. Yule mgeni hakuwa na mguu uliofundishwa hivyo.

Nikatega sikio. Baba mkwe alikuwa amekwisha anza mtumbwi mwingine, na mimi sikuwa na kazi nyingine ila kusikiliza. Asubuhi alianzia upande wa kulia, tezo lake, lile shoka dogo la kuchongea, likalia juu, kavu. Jua lilipokuwa kali alihamia kushoto, amechoka, na mlio ukawa mzito. Alikuwa anaacha mti mwingi upande huo. Maisha yake yote alianzia upande wa kulia, maisha yake yote alifika kushoto akiwa amechoka.

Sasa nitasemaje? Mimi mkwe, tena mkwe ninayelishwa. Nilijua akikasirika sitakuwa na pa kulala. Lakini nilijua pia kwamba mtumbwi ule ukipinduka masika, hautachukua mbegu tu. Neno hilo sikuweza kumtuma Sida, maana angekuwa anamkosoa baba yake. Nikamwambia mtani wangu. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akaenda akamwambia mwanawe mbele ya watu, "Mume wangu aliyelala kibandani anasema tezo lako linashiba upande wa kulia na kulala njaa upande wa kushoto."

Baba mkwe alikusanya vifaa akaenda zake. Siku kadhaa hakuchonga, na Sida alilia, akasema nimewafukuzisha. Niliogopa, sitaficha. Kisha asubuhi moja nikasikia tezo, na mlio wa kwanza ulitoka kushoto.

Jioni yake nilikuta kitu mlangoni kwangu. Lilikuwa tezo, la zamani, mpini wake umelainika kwa mkono wa baba mkwe. Mwenyewe alikuwa amekwisha pita.

Ndugu zangu, kuchonga ni kazi ya kukaa. Unapanda juu ya gogo, unalibana kwa mapaja, na mguu mmoja na nusu unatosha kabisa. Nilijifunza kwa kumsikiliza yeye, na kila jioni, kabla sijaweka tezo chini, nilijipitia kichwani kama siku ile: leo mkono wangu umefanya nini ambacho sikuutuma? Hadi leo nafanya hivyo. Mtumbwi ukishaingia majini nakaa ndani yake na kufumba macho, na makalio haya yananiambia yote ambayo mguu ulikuwa ukinificha. Mnacheka, lakini mwulizeni mvushaji yeyote hapa amesimama kwenye mtumbwi wa nani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Sida na meno yake. Namshukuru bibi, ambaye amekwisha kufa akiniacha mjane. Nawe, ndugu yangu mwenye mkono mmoja, sikuambii usilie, lia. Ukimaliza, fumba macho ujivushe ng'ambo hii hadi ile, utazame mkono ule ulikuwa unafanya nini. Kisha kula, nitakuja kukuuliza.

Masika yaliyofuata baada ya kupewa tezo lile, niliuteremsha mtumbwi wangu wa kwanza. Mto ulikuwa umejaa hadi kwenye miti. Baba mkwe alikuja kivukoni na mkongojo wake, akapanda bila kuniuliza, akakaa katikati. Abiria wengine walishika kingo za mtumbwi, mvushaji akasukuma. Maji yalikuwa makali, na mimi nilibaki nchi kavu, nimesimama kwa mguu mmoja, nikimtazama waziwazi kwa mara ya kwanza, maana alikuwa amenipa mgongo. Walipofika katikati ya mto akatoa kiko chake, akatoa tumbaku, akaanza kukijaza taratibu kwa mikono yote miwili.