Upande wa Pili wa Santuri ya Mzee Antena

Katika mtaa mzima hakuna aliyemshinda Mama Pindo kwa mambo mawili: kupinda suruali na kusema ukweli. Jina la Pindo wateja walimpa kwa sababu ya lile la kwanza. Kwa sababu ya lile la pili walimpa majina mengine pia, lakini hayo waliyatamka wakishafika mbali.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa cha mbele ya nyumba, mlango wake ukitazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu kilichopasuka kona moja, na pazia la kumsitiri mteja anapojaribu nguo. Mwaka mmoja kiliongezeka kitu ambacho hakikuhusiana na ushonaji hata kidogo, nacho ni gramafoni pamoja na kreti iliyojaa santuri za roki na pop za zamani.

Vitu hivyo vilikuwa mali ya shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, fundi mitambo wa redio. Kwa urefu na wembamba wake, watu walimwita Mzee Antena. Alikuwa amekaribia kustaafu, akahamia nyumba ndogo, akakosa pa kuziweka santuri zake. Ndugu wengi walizitamani. Naye akaweka sharti.

"Shemeji," alimwambia Mama Pindo siku alipoileta kreti, "watu wa siku hizi hawasikilizi muziki, wanauonja tu. Wimbo haujafika kwenye kiitikio, wameshauruka! Basi hizi nitampa mtu atakayezisikiliza zote, upande wa kwanza na wa pili, bila kuinua sindano njiani. Na kila Jumapili anipe maoni yake. Ukiruka hata wimbo mmoja, nakuja kuzichukua."

"Na nikiona mbaya?"

"Sema mbaya. Ila uwe umeisikiliza nzima."

Mama Pindo alikubali kwa utani, lakini utani ukazaa mapenzi. Kushona ni kazi ya upweke. Mteja akishapimwa huenda zake, na fundi hubaki na kitambaa kisichojua kuzungumza. Tangu kreti ile iingie, chumba kilijaa watu. Walikuwepo wapiga gitaa, wapiga ngoma, waimbaji wenye kukoroma na wenye kulia. Ingekuwa afadhali anyang'anywe pasi kuliko kreti ile.

Lugha ya nyimbo zenyewe hakuielewa. Alizisikiliza kwa mguu. Mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani, na bila yeye kuuambia, ulifuata ngoma. Ngoma ikitulia, mshono ulinyooka kama uzi wa mwashi. Ngoma ikiyumba, mshono uliyumba. Kwa njia hiyo kila santuri aliipima kwa kipimo ambacho wajuzi wa muziki hawanacho, na Jumapili alitoa hukumu yake huku wakinywa chai.

"Wale wanne wenye nywele ndefu wanaijua kazi," alisema safari moja. "Yule mpiga ngoma wao angekuwa fundi, ningemwajiri. Lakini zile suruali walizovaa kwenye jalada, shemeji! Zimepanuka chini kama kengele. Kitambaa cha mguu mmoja kinamvika mtu na mwanawe."

"Wewe sikiliza muziki, achana na suruali," alisema Mzee Antena.

"Na yule mwanamama wa santuri nyekundu, sauti anayo. Tatizo lake analia tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na nina hakika anamlilia mwanamume yule yule. Santuri nimeigeuza, yeye hakugeuka."

Mzee Antena alicheka mpaka chai ikamwagika. "Na mpiga gitaa mwenye miwani?"

"Yule ni mgeni asiyejua kuaga. Ameshasimama, ameshashika kitasa cha mlango, bado ana hadithi nyingine."

Mume wake, mwashi mwenye masikio yaliyozoea nyundo, aliingilia. "Mimi naona wote wanapiga kelele."

"Wewe hukai hata wimbo mmoja, huna kura," mkewe alimjibu.

Hata hivyo Mama Pindo hakuwa mkaidi. Kulikuwa na kundi moja la vinanda vya umeme ambalo alilichukia tangu mlio wa kwanza. Alisema wanasikika kama jokofu lililokasirika. Kwa kuwa alifungwa na sharti, alivumilia. Katikati ya upande wa pili, vinanda vile vile vikafunguka taratibu, vikawa vitamu, naye akajikuta ameacha kushona. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini shemeji yake alikataza kuruka. Wimbo mmoja huyaandaa masikio kwa ajili ya mwingine, kama pasi inavyokitayarisha kitambaa kabla ya mshono. Jumapili ile alikiri mbele ya wote kwamba alikuwa amekosea, na Mzee Antena akamwongezea sukari.

Hatimaye ikabaki santuri moja tu. Jalada lake lilikuwa na wanaume watano wenye suti nyeupe zilizoshonwa vizuri mno, na Mama Pindo akawa na matumaini makubwa.

"Hii ndiyo mama yao," Mzee Antena alimwambia, akiishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. "Nimeisikiliza tangu ujana wangu. Haina kosa, si upande huu, si upande ule. Ukiimaliza hii, kreti ni yako."

Wakati ule ule alikuwa amemletea kitambaa cha suruali ya kuvaa kwenye hafla ya kuagwa kazini. Mama Pindo aliona jambo hilo limekaa vizuri: suruali ya mwenye santuri ataishona kwa santuri ya mwenyewe.

Upande wa kwanza ulikuwa mzuri kupita alivyosifiwa. Ngoma ilitembea kwa heshima, gitaa likaifuata nyuma kwa adabu, na mguu wa kulia wa suruali ukatoka umenyooka, hauna doa. Akaigeuza santuri, akaanza mguu wa kushoto.

Upande wa pili ulianza kwa utulivu, kisha mpiga ngoma akaingiwa na haraka. Gitaa likamkimbilia. Mwimbaji akawakimbilia wote wawili. Mguu wa Mama Pindo nao ukashika mbio, lakini mikono iliyosukuma kitambaa ikabaki na mwendo wa upande wa kwanza. Kuinua sindano ya gramafoni hakuruhusiwa. Kuacha kukanyaga, fahari yake ilikataa. Akajiambia kuwa watatulia. Hawakutulia mpaka santuri ikaisha na mshono nao ukaisha. Wateja wakaingia, akaitundika suruali haraka, akawapokea.

Asubuhi, alipoipiga pasi, ndipo alipoona. Mshono wa mguu wa kushoto ulikuwa umefinyana, na mguu wote umejizungusha kama kamba. Kabla hajashika wembe wa kufumulia, Mzee Antena aliingia mlangoni. Hafla ilikuwa mchana ule ule, naye hakuweza kungoja. Aliichukua suruali kutoka mikononi mwake na kuingia nyuma ya pazia.

Alipotoka, alijitazama kwenye kioo. Akageuka. Akajitazama tena.

"Shemeji, huu mguu mmoja unakwenda kwenye hafla. Mwingine unakwenda wapi?"

Uongo ulimjia Mama Pindo ukiwa umeshonwa tayari, umebaki kuvaliwa tu: kitambaa kimesinyaa, shemeji, uliuziwa kibovu. Kwa maneno hayo angeipata kreti bila ugomvi, na mzee wa watu angekwenda kuagwa na moyo mweupe. Akaitazama kreti. Akamtazama shemeji yake. Lakini maoni yake yote ya Jumapili yangekuwa na thamani gani kama hili la mwisho, lililo gumu, angelimeza?

"Ni santuri yako," alisema. "Upande wa pili ni mbaya. Mpiga ngoma anakimbia hovyo, na mguu wangu ukamfuata."

Mzee Antena alifura kwa hasira. "Umeharibu suruali, sasa unamsingizia mpiga ngoma! Santuri ile haina kosa! Wewe uliruka nyimbo, ukashona huku mawazo yako yako kwingine. Kreti naibeba leo hii."

Akainama, akaikumbatia kreti, na mguu wa suruali ukazidi kujisokota.

"Ibebe," alisema Mama Pindo. "Ila niambie kwanza: katika upande huo wa pili, unapenda wimbo upi?"

"Zote."

"Nitajie mmoja, shemeji. Au niimbie kidogo tu."

Mzee Antena alikohoa. Akatazama dari. Mama Pindo akaitoa santuri kwenye jalada, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Upande wa kwanza ulikuwa umechakaa, mikwaruzo imejaa kila mahali. Akaugeuza. Upande wa pili uling'aa kama kioo, mtu angeweza kujitazama humo akichana nywele.

Mzee Antena aliiweka kreti chini polepole.

"Upande wa kwanza ukiisha, nilikuwa nauanza tena," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimeshafurahi. Niliogopa upande wa pili utaniharibia."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

Mama Pindo alitaka kucheka, akajizuia kwa heshima. "Basi vua suruali."

"Shemeji!"

"Nifumue mshono, baba. Ingia nyuma ya pazia, jifunge hiki." Akamrushia kipande cha kitambaa chenye maua makubwa ya waridi, mabaki ya mapazia ya mteja mmoja. Mzee Antena alipotoka tena, amejifunga kiunoni, hakuwa na pa kukimbilia. Mama Pindo akamwonyesha kiti, akaiweka santuri, akashusha sindano kwenye upande wa pili, kisha akaketi na wembe kufumua uzi.

Utulivu wa mwanzo ukapita, haraka ikaanza. Goti la Mzee Antena lilitikisika chini ya maua. Alikunja uso. Mwashi aliingia kutafuta chai, akamkuta kaka yake katika hali hiyo.

"Kaka, kuna nini humu?"

"Nyamaza! Bado wimbo mmoja."

Wimbo huo wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko yote, na hakuna aliyethubutu kuukatisha. Ulipokufa hatimaye, Mzee Antena alinyoosha mkono, akainua sindano.

"Mbaya," alisema, kama mtu aliyeng'olewa jino. "Wale watu walikuwa wanakimbilia wapi?"

Akasimama akishikilia maua yake, akaitoa santuri na kuirudisha ndani ya jalada, na jalada ndani ya kreti. Kisha akaisukuma kreti kwa mguu mpaka ikaingia chini ya meza ya kukatia.

"Hapa haitakuzibia njia ukifanya kazi," alisema.

Mama Pindo aliuingiza mguu wa kushoto chini ya sindano ya cherehani, na safari hii akakanyaga kwa mwendo wake mwenyewe.