Daktari Niliyemzua Mwenyewe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sipendi kuikumbuka. Juzi ulikuja na kompyuta yako kwapani, ukaniambia wewe na wenzako wa Chuo cha Busitema mnataka kufungua jukwaa la mtandaoni la wakulima na wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka. Ukaniuliza, "Shangazi, wewe uliwahi kuwa na lako. Watu uliwapataje?" Nikakujibu kwamba nina kazi jikoni. Sikuwa na kazi yoyote jikoni. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana kuwapata watu nilijua, tena nilijua mno, na kujua huko nusura kumuue mama wa watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yangu, mwenye malori, alikuwa amenifungulia duka la kuchapa barua na kutoa nakala hapa Busia, upande huu wa Uganda. Lilikuwa na kompyuta tatu na intaneti ya kukatika-katika. Wakati huo watu wa kwetu walikuwa ndio kwanza wanaonja mtandao, mmoja mmoja. Nikafungua jukwaa, nikaliita Ukumbi wa Mpakani. Humo mlikuwa na chumba cha mahindi, chumba cha mifugo, chumba cha usafiri. Nikabandika matangazo kuanzia stendi hadi karibu na geti la mpaka. Kisha nikakaa kusubiri.

Hakuja mtu. Au tuseme walikuja, wakakuta kimya, wakatoka. Ni nani aingiaye hotelini akakuta meza zote tupu, naye akaagiza chakula?

Ndipo nikapata kile nilichokiita werevu. Nikajitungia watu. Nikawa dereva wa Malaba anayelalamikia foleni, nikawa mama wa Buhehe anayeuliza bei ya karanga, na nikawa mtu mmoja niliyempa jina la Daktari wa Mifugo. Muulizaji mimi, mjibuji mimi, na ubishi wa hapa na pale mimi huyohuyo. Ukumbi ukachangamka. Watu halisi wakaanza kuingia, kwanza wawili, kisha kumi, kisha nikashindwa kuwahesabu. Dereva na mama wa karanga nikawaacha wafe kimyakimya, kwa kuwa hawakuhitajika tena. Daktari sikuweza kumwacha. Ndiye waliyemfuata. Majibu yake niliyatoa kwenye vijitabu vya kilimo ambavyo watu waliniletea dukani nivitolee nakala, na kila jibu lilipokewa kwa shukrani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwishowe nilikuwa naandika bila hata kurudia kusoma.

Basi Alhamisi moja, yapata saa nne asubuhi, nikafungua ukumbi nikakuta ujumbe wa mtu aliyejiita Wandera wa Masinya. Alikuwa mtu wa heshima, huandika salamu ndefu kabla ya swali. Safari hii aliandika hivi: "Daktari, Mungu akubariki. Ile dawa ya kupe nimenunua. Nikitoka hapa naenda kupigia ng'ombe yangu mbili za kulima. Nusu kikombe kwa ndoo, kama ulisema."

Nusu kikombe. Nikalitazama neno lile. Nikafungua droo, nikatoa nakala ya kijitabu. Kilisema nusu kifuniko. Kifuniko cha chupa, mwanangu, kile kidogo unachokifunika kwa kidole gumba.

Sumu ile huua kupe ikiwa kidogo. Ikizidi, humwingia ng'ombe kwenye ngozi, na humwingia hata mtu aliyeishika.

Ujumbe ulikuwa wa dakika arobaini zilizopita. Wandera hakuwa ameacha namba ya simu. Alikuwa ameandika kutoka kwenye kompyuta ya kukodi, akaondoka. Ningejibu, nani angesoma?

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata baba yako sikumwambia kwa mdomo wangu. Kabla sijanyanyua mguu, nilifuta lile jibu langu la nusu kikombe. Nililifuta lote, nikahakikisha limefutika. Nikawaza: hakuna ajuaye, Daktari hana sura, hana nyumba. Nilikaa hivyo, mkono juu ya kipanya, kwa muda ambao nisingependa Mwenyezi Mungu anihesabie. Kisha nikaona kuwa nimefuta maneno tu. Dawa ilikuwa njiani kwenda Masinya.

Nikampigia Mzee Ochwo wa Tororo. Alikuwa mhudumu wa mifugo, amestaafu, na mara kwa mara alikuja dukani kwangu kuchapisha barua zake. Nikamweleza mbio mbio.

"Nani amesema nusu kikombe?" akauliza.

"Daktari wa kwenye mtandao, Mzee."

"Yuko wapi huyo daktari? Nipe namba yake."

Nikakifunga kile kijitabu.

"Binti, nakuuliza, yuko wapi?"

"Ni mimi, Mzee."

Hakunitukana. "Panda pikipiki sasa hivi," akasema. "Nunua sabuni njiani. Kila kilichoguswa na dawa kioshwe kwa maji mengi, ng'ombe na watu. Nguo zivuliwe. Mimi natoka Tororo na sindano."

Kijana wa bodaboda nilimwambia Masinya, nikamwambia kuna mtu anakufa. "Dada, shika mimi vizuri," akasema, akaondoka mbio. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na kila tulipopunguza mwendo kuwapisha ng'ombe wa watu nililia kwa hasira, kana kwamba wao ndio wenye makosa. Masinya tukauliza nyumba ya Wandera. "Wandera gani? Hapa Wandera ni wengi." Tukapelekwa kwa mmoja, siye. Tukapelekwa kwa mwingine, amekwenda mazishini. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mihogo ndiye aliyesema, "Yule mwenye maksai? Amepita hapa na ndoo," akatuonyesha kwa kidevu.

Tulipofika, maksai mmoja alikuwa chini. Miguu ilikuwa inatetemeka, mate yanamtoka kama povu la sabuni. Mkewe Wandera, Mama Nafula, aliyekuwa akiwashikilia maksai kamba, alikuwa ameketi ameegemea ukuta, kanga imelowa dawa, jasho linamtiririka, anasema macho yake yanaona ukungu. Na Wandera, bomba la kupulizia dawa bado mgongoni, alikuwa anamsogelea maksai wa pili.

"Acha!" nikapiga kelele. "Acha, ni sumu!"

Akageuka. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa uso. "Wewe ni nani?"

"Dawa imezidi. Mvue mama nguo, tumwoshe."

"Huyu imeangushwa na ugonjwa. Ndiyo maana nafanya haraka, ile ingine isianguke. Daktari amesema."

"Hakuna daktari!"

"Daktari yuko," akasema, na sasa sauti yake ilipanda. "Alinisaidia na kuku. Wewe hujui yeye. Toka kwa boma yangu."

Akashika mpini wa bomba. Mwanangu, ningekuwa na uongo uliobaki, ningeutumia pale. Sikuwa nao. Ikabidi nimpe ukweli, na ukweli wenyewe hakutaka kuupokea. Nikasema, "Uliandika kuku wako wanalala shingo imepinda. Nikakujibu uwatenge, uwape maji safi, uchome waliokufa. Ukaniandikia kwamba mama amewapa kuku waliopona jina la Daktari. Hilo uliniandikia mimi peke yangu. Wandera, Daktari ni mimi. Mimi si daktari. Nachapa barua Busia."

Mkono wake ukaachia mpini. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama nyumba yake ikiungua. Kisha akalitupa bomba chini, akakimbia kwa mkewe.

Tulimwosha Mama Nafula nyuma ya nyumba, maji juu ya maji, sabuni hadi kwenye nywele. Tukamfunga shuka kavu, akakaa kati ya kijana wa boda na mimi, kichwa chake begani kwangu, tukaenda kituo cha afya. Njia nzima nilikuwa namwita jina, naye akiitika, kila mara kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia. Ilifika mahali hakuitika. Nikamfinya. Nikamfinya tena, akaguna, na mguno ule, mwanangu, sijapata kusikia sauti tamu kuliko ule.

Alilazwa siku tatu, akapona. Maksai alikufa kabla ya adhuhuri, Mzee Ochwo amemwinamia na sindano yake. Wa pili alibaki, lakini maksai mmoja halimi, na mvua zilikuwa zinakuja. Baba yangu, alipoambiwa, alikwenda mnadani akampelekea Wandera dume la kufunzwa kuvuta jembe. Mimi hakunisemesha wiki mbili.

Aliyenisemesha ni Mzee Ochwo. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la kituo cha afya. Nilikuwa nategemea matusi, tena nilikuwa nayatamani. Akaniuliza taratibu, "Kwa nini hukuniuliza? Kila mwezi niko dukani kwako."

"Niliogopa wataona sijui, Mzee."

"Kuuliza si ujinga. Watu hawa hawakuja kwako kwa sababu ya werevu wako. Walikuja kwa sababu waliamini kuna mtu ndani. Wandera amegonga mlango wako, amefunguliwa na kivuli." Akasimama. "Utawaambia?"

"Wataniondokea wote."

"Sikukuuliza watafanya nini."

Nikaenda nikaandika. Niliandika kwa jina langu, kwamba Daktari ni mimi, kwamba niliandika kikombe badala ya kifuniko, kwamba nililifuta jibu lile kabla sijatoka kwenda kuokoa mtu. Hilo la mwisho lilinichukua mchana mzima kuliandika. Matusi yaliyokuja sikuyafuta hata moja. Ndani ya wiki moja ukumbi ulikuwa mtupu kuliko siku nilipoufungua, na safari hii nilijua sababu.

Ukakaa hivyo mpaka mama mmoja, mama wa kweli wa Buhehe, akaingia na kuuliza kwa nini karanga zake zinaota madoa meusi. Nikamwandikia maneno mawili: "Sijui. Nitauliza." Nikapanda pikipiki nikaenda kwa mkulima anayejua, nikarudi na jibu na jina la aliyelitoa. Kwa mifugo nikamwomba Mzee Ochwo, akakubali kujibu kwa jina lake mwenyewe, mara moja kwa juma, na lile asiloweza kuliamua bila kumwona mnyama alikuwa akisema hivyo hivyo. Ukumbi ulikua polepole, kama mtoto aliyeugua. Lakini kila aliyekuwemo alikuwa mtu.

Wandera hakurudi ukumbini. Nilimwona miaka mingi baadaye sokoni, tukasalimiana, akaniuliza hali ya baba. Hakusema zaidi, nami sikumlazimisha. Msamaha hauombwi kwa kumning'inia mtu shingoni.

Basi, mwanangu, umeuliza watu wanapatikanaje. Waanze wachache unaowajua kwa sura, watano wanatosha, waongee ya kweli, na ukimya wa mwanzo uuvumilie hata ukikuuma. Usiujaze kwa watu wa kutunga, maana utakayemtunga ili awaite watu, watu watamwamini, na siku watakapomkabidhi roho zao hutakuwa na wa kumleta. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeumia si mwongo tu. Anayejibu ajulikane ni nani na amejuaje. Jambo la dawa, la sheria, la afya ya mtu, lipitie kwa mwenye kulijua kabla halijapita kwako. Ukikosea, usifute. Andika chini yake kwamba umekosea, kwa jina lako, mapema, kisha inuka uende kwa uliyemkosea kwa miguu yako. Na neno "sijui" liweke karibu na mkono, kama chumvi.

Nenda ukafungue ukumbi wako. Mwenyezi Mungu akupe wageni wakweli na akupe moyo wa kuwapokea. Akulinde na sifa zinazokuja mapema. Akujaalie ulimi mzito penye usilolijua na miguu myepesi penye ulilolikosea. Na kila atakayegonga mlango wako, kutoka Tororo au kutoka ng'ambo ya geti, Mola ajaalie akukute umo. Amina, mwanangu.