Redio Tuliyokatazwa Kufungua

Nimerudi Oldonyo Sambu likizo hii, rafiki yangu, nikapewa kazi ya kufagia nyumba ya bibi. Moshi umepaka ukuta wote weusi, isipokuwa kipande kimoja juu ya kitanda, pembe nne zilizonyooka, mahali redio ilipokaa. Nilisimama pale na ufagio mpaka mama akauliza kama nimeona nyoka. Nikasema hapana. Kuongea sijui, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa darasa la pili nilipoletwa kukaa kwa bibi. Upande huu wa Meru ni wa vumbi. Upepo wa mchana uliliingiza mpaka kwenye loshoro, makande yetu ya maziwa mgando, ukitafuna unasikia mchanga. Tulifuata maji na punda, tulichambua maharage ya ngwara kwenye ungo, na saa ya matangazo ya vifo redioni ikikaribia tulikatazwa kucheka.

Redio yenyewe ilikuwa ya mbao, imeundwa kiwandani hapa hapa mjini. Skrubu za mgongoni hata kisu cha nyama kilizifungua, na ndani palibandikwa mchoro wa nyaya zote, kama vile walioiunda walijua siku moja mtu atataka kuchungulia. Ikianza kukoroma aliitwa jirani yetu fundi, mzee aliyepasha chuma chake cha solda kwenye makaa ya jikoni kwetu. Mpaka leo nikisikia harufu ya risasi ya solda inayoyeyuka nahisi njaa, kwa sababu bibi alikuwa akimpikia makande na sisi tukipata.

"Redio yako inakohoa kama marehemu mumeo," fundi alimtania.

"Yule alikohoa akilima. Wewe unakohoa ukila."

Watu wengine kilimani kwetu walikuwa na redio, ila betri zilikuwa ghali, na zao zilikaa kimya miezi. Kwa hiyo bibi ndiye alikuwa masikio ya wote. Alisikiliza peke yake, mkono gotini. Likitajwa jina la ndugu wa mtu wa pale kwetu, alitutuma sisi watoto. Hatukuruhusiwa kutaja jina wala neno kifo. "Mtoto habebi msiba," alisema. Tulichoruhusiwa kusema ni kimoja: "Bibi anakuita." Mama wa watu akisikia hivyo saa ile, aliacha chungu motoni akachukua khanga. Na siku ambayo hakuna mtoto aliyeonekana njiani, kilima kizima kilikula kwa amani.

Kisha zikaja zile siku za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa. Maduka mjini yakajaa vitu vinavyong'aa, na mjomba wangu, aliyekuwa na biashara ya mitumba, akaona aibu mama yake kuishi na sanduku la mbao. Akaibeba ile redio mpaka dukani, akaiacha huko na kuongeza pesa, akarudi na nyingine ya plastiki nyeusi, ya kaseti, ina taa nyekundu. Mgongoni ilikuwa na stika ya fedha iliyofunika skrubu, na skrubu zenyewe zilikuwa na tundu la pembe tatu.

"Hii ina garantii mwaka mzima, ikiharibika wanaitengeneza bure," mjomba alisema. "Lakini stika ikichanika, garantii imekufa."

Bibi aliiheshimu ile stika kama watu wanavyoheshimu kiapo. Hata vumbi alilifuta kwa kuizunguka.

Mvua za vuli hazijaanza, redio ikanyamaza. Taa haikuwaka, betri mpya tuliweka, wapi. Fundi akaja na chuma chake. Akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio.

"Kuna kitu kimelegea humu. Nipe dakika, mama."

Mjomba alikuwepo. "Mzee, acha! Hii siyo yale makopo yenu. Ukiigusa wanaikataa."

"Kwani mmenunua au mmeazimwa?" fundi aliuliza. Mjomba akaifunga redio kwenye khanga ya bibi akashuka nayo mjini.

Wiki zikapita. Mwishowe bibi alinishika mkono tukaenda wenyewe. Kijana wa dukani alikuwa na adabu, sitamsingizia. "Shikamoo, mama. Redio yako imepelekwa Dar. Sisi hapa haturuhusiwi kufungua."

"Nani amewakataza?"

"Wenye redio, mama."

"Mwenye redio si mimi?"

Kijana akacheka, na mwenzake nyuma ya kabati la kioo akacheka. Bibi akaomba basi arudishiwe ile ya mbao. Ilikuwa imeshauzwa, hawakujua kwa nani.

Tulirudi bila kitu. Nakumbuka njiani kote hakusema neno, na mimi niliona raha, maana na mimi sipendi kuongea. Sikujua anawaza nini.

Sasa sikiliza kilichotokea. Pale kilimani hakuna aliyejisumbua. Watoto hatukuonekana njiani, basi watu wakasema mwezi huu Mungu ametuhurumia. Hakuna aliyewaza kumletea bibi habari, kwa sababu habari zote zilitoka kwa bibi.

Siku moja tukiwa tunachambua ngwara akaja mwanamume kutoka Nduruma, mtoto wa mdogo wake bibi. Bibi akasogeza kigoda. Hakukaa.

"Shangazi, tulikungoja."

"Mliningoja wapi?"

"Jeneza limekaa juani tunakungoja wewe. Wazee wakauliza dada mkubwa yuko wapi, tukakosa la kusema. Tumetangaza redioni siku mbili mfululizo."

"Nani amekufa?"

Yule mtu alimtazama kama unavyomtazama mtu anayekudanganya usoni. "Kila mtu anajua wewe hupitwi na tangazo," akasema, akageuka akaenda. Ungo ulikuwa umeanguka, ngwara zimetapakaa, na kuku wanakula, na bibi hakuwafukuza.

Aliyekufa ni huyo mdogo wake, ambaye bibi alimbeba mgongoni baada ya mama yao kufariki. Bibi alikwenda Nduruma siku ya pili. Aliporudi alisema kaburi limeshapasuka kwa jua, na kwamba walimpa chai na kuitikia salamu, basi. Alipowaeleza habari za garantii, wifi yake alimwuliza, "Tangu lini redio inakatazwa kutengenezwa?"

Redio ilirudi baada ya masika, haijafunguliwa hata huko Dar, na karatasi imesema muda wa garantii umepita. Fundi akachonga msumari kwa tupa mpaka ukaingia kwenye zile skrubu, akachana stika. Akachungulia ndani.

"Waya wa betri umebanduka, mama. Tone moja tu la risasi."

Akalichomea, taa nyekundu ikawaka, muziki ukatoka kwa nguvu hadi punda akashtuka. Bibi akasema, "Zima." Hakuiwasha tena. Tulianza kutumwa chumvi na kiberiti, kama watoto wengine.

Siku hizi kila nyumba ina redio, na zikifa zinatupwa korongoni, nyeusi zote, na stika zao hazijachanika. Fundi alihamia kwa binti yake, huko Momela, anachunga mbuzi. Watu wanafiwa na kupata habari kwa kubahatisha.

Bibi tulimzika mwezi uliopita. Mjomba alishuka mjini akalipia tangazo la redio, akataja jina la bibi, la baba yake, na ukoo wote wa Nduruma mmoja mmoja. Mimi nilikaa kwenye jiwe la getini kuangalia barabara, kwa sababu hiyo ni kazi isiyotaka maneno. Mchungaji akachelewesha ibada mpaka jua likawa kali. Wazee wakauliza tufanyeje. Kutoka Nduruma hakuja mtu, na mpaka leo hatujui kama walisikia.