Bomba Lililozibwa Nyuma ya Jiko

Kwenye shule ninayofundisha, nje kidogo ya Kakuma, kuna bomba la chuma lililochomoza ardhini nyuma ya jiko, limezibwa kwa kifuniko kilicholehemiwa. Nililikuta hapo nilipohamishiwa. Kila mtu alijua ni kisima kilichochimbwa zamani kikaachwa. Kwa nini kiliachwa, hakuna karatasi hata moja pale shuleni iliyosema.

Halafu tukapata bahati. Wafadhili fulani walikubali kutuchimbia kisima, kimoja tu. Tukikosa maji, mtambo wa kuchimba unaondoka kwenda Lokiriama na sisi tunarudi mwisho wa foleni. Watoto wetu walikuwa wakifukua mchanga wa laga, ule mto mkavu, kutafuta maji kabla ya kuingia darasani, na ikifika saa nne nusu yao wanasinzia. Kwa hiyo sikutaka mchezo. Nikasema nitaitafuta ripoti ya lile bomba, nijue kule chini kuna nini.

Nilikwenda ofisi ya maji kule Lodwar mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nilete barua. Nikaleta. Mara ya pili nikaambiwa barua ipitie kwanza ofisi ya elimu, ipigwe muhuri. Jamani, mimi naomba karatasi, sijaja kuposa! Mara ya tatu karani, mama mmoja mpole ambaye hata yeye aliona haya, alinifungulia kabati. Mafaili yamerundikwa ovyo, mengine yameliwa na mchwa. Akanieleza kwamba ripoti za miaka ile ziliingizwa kwenye kompyuta ya afisa mmoja, na afisa alipohamishwa akaondoka nayo. Huenda nakala iko Nairobi. Huenda! Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za ofisi nikalia kwa hasira.

Na jibu lilikuwa hapo hapo kwetu. Jirani wa shule, mama mzee anayefuga mbuzi, alikuwepo siku lile bomba la zamani lilipofunguliwa. Aliniambia mbuzi wake walionja yale maji wakageuka wakaenda zao, ndipo wachimbaji wakaziba. Nikampeleka kwa injinia aliyeletwa na wafadhili. Injinia akamsikiliza kwa adabu, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, hiyo si data. Siwezi kuiandika kwenye ripoti."

Mashine yake ilikuwa imeonyesha maji mengi hatua chache tu kutoka kwenye bomba. Nilimsihi asogee upande wa kanisa, nikabishana naye mpaka koo likanikauka. Akasema nikimletea karatasi atasogea.

Wakachimba. Nilikaa kwenye kivuli cha jiko nikihesabu vyuma vya kuchimbia vikishuka kimoja baada ya kingine. Maji yaliporuka, watoto walikimbia na vikombe vyao vya uji. Wa kwanza kuonja alikuwa msichana wa darasa la nne. Akayatema, akanitazama mimi.

Injinia alipima, akajaza fomu yake kwa mwandiko safi kabisa. Nikamwomba nakala.

"Itapelekwa ofisini Lodwar," akasema. "Utaiomba huko."

Nilicheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

Fundi alipomaliza kukiziba kisima kipya na kusawazisha saruji kuzunguka kifuniko, nilichukua msumari nikaandika juu yake kabla haijakauka: MAJI YA CHUMVI. VYUMA THELATHINI. MSICHIMBE HAPA. Yule mama mzee wa mbuzi akauliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akaliangalia lile bomba la zamani, kisha akaniangalia.

"Andika na pale," akasema.

Nikatafuta mabaki ya rangi ya ubao nikaandika na pale.

Jumatatu asubuhi mtambo ulikuwa umeshaondoka. Watoto walipita na madumu yao njiani kwenda lagani, na wale wa darasa la kwanza, ambao ndio kwanza nawafundisha kusoma, wakasimama kwenye saruji yangu. Walilisoma neno la kwanza kwa silabi, kidole kikifuata herufi, mpaka wakalipata: maji. Wakafurahi wameweza, wakabeba madumu yao wakaendelea.