Tatu na Ngapi Inafika Nne

Alasiri moja hapa Bwera haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana nilipopita mlangoni kwako nikasikia unamgombeza mtoto wako juu ya ile hesabu ya kisanduku, imenirudia yote. Keti kidogo.

Kijana wetu, jina lake Kule, alikuwa darasa la kwanza. Mwalimu wake alisema hesabu hiyo ikimshinda atarudia darasa. Inaandikwa hivi: tatu, jumlisha, kisanduku kitupu, sawa na tano. Kule akiona tu alama ya kujumlisha, anajumlisha kila kitu. Tatu na tano, anaandika nane ndani ya kisanduku. Nikimwambia amekosa, ananiangalia kama mtu aliyeonewa, maana kujumlisha alikuwa anajumlisha vizuri.

Mimi sikusoma utotoni. Nilisomea jioni, kanisani, mtoto mgongoni, na hesabu hiyo ilinitesa pia. Kwa hiyo siku ile niliacha kalamu nikachukua maharagwe. Akahesabu yote, tano. Nikamwambia afunge macho, nikafunika mengine kwa kikombe.

"Fungua. Unaona ngapi?"

"Tatu."

"Na yote ilikuwa ngapi?"

"Tano."

"Basi usinipatie nane, hapa sina nane. Anza kwa tatu, panda mpaka tano."

Akakunja vidole. "Nne, tano." "Iko mbili mule ndani."

Nikainua kikombe, mbili kweli. Alicheka, akataka tena na tena, na kila nilivyoficha alipata.

Mama mkwe wangu alikuwa ametoka Mubuku kututembelea, anamenya mihogo pembeni yetu. Mume wangu, Baba Baluku, alikuwa mlangoni anachonga mpini wa jembe. Ndipo Kule akaacha maharagwe, akaanza kuhesabu watoto wa nyumba.

"Mama, mimi ni Kule. Kule si ni kijana wa nne?"

"Ni wa nne." Sisi Bakonzo, unajua, jina la mtoto linasema amezaliwa wa ngapi. Vijana ni Baluku, Bwambale, Masereka, Kule.

"Lakini hapa beko Baluku, Masereka na mimi. Tatu. Tatu na ngapi inafika nne?" Akajibu mwenyewe. "Moja. Bwambale iko wapi?"

Kisu cha mama mkwe kilisimama. Bwambale alikufa kwa malaria tukiwa bado tunalima mpunga Mubuku, Kule hajazaliwa. Tukamzika huko, tukahamia Bwera, na baba yake akakataza jina hilo nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka kliniki, akarudi naye hivyo hivyo mgongoni, amekwisha kufa.

"Hakuna Bwambale," Baba Baluku alisema bila kuinua macho. "Hesabu yako iko mbaya. Enda ufunge mbuzi."

Kule hakwenda. Alirudia kwa vidole, polepole, Baluku, Masereka, mimi, akitafuta mahali alipokosea. Nikaona ile akili iliyotoka kufunguka inajifunga tena mbele yangu. Nilitaka kusema, lakini kumpinga mume mbele ya mama yake si kitu chepesi. Nikaomba Mungu moyoni anipe neno. Neno likatoka kwa mwingine.

"Wewe kijana," mama mkwe alimwambia mwanawe. "Mutoto amepata. Unamwambia amekosa?"

"Mama, wacha."

"Nimewacha miaka yote hii. Yule mutoto nilimuosha kwa mikono hii. Alikuwa moja. Usimufanye ziro."

Halafu Baba Baluku akaweka mpini chini.

"Kule, kuja." Akamkalisha gotini. "Umepata. Ni moja. Alikuwa kaka yako. Aliugua, akaenda kwa Mungu wewe hujazaliwa bado."

"Alijua hesabu?"

"Hakufika shule. Tulimweka shambani afukuze ndege, na yeye anawaigiza sauti, wanazidi kuja." Akacheka, na machozi yakamshuka ndani ya kicheko. Tangu mazishi sikuwa nimemwona hivyo.

Jioni tulipoomba, alimtajia Mungu vijana wetu wote wanne, kwa mpangilio. Na Kule hakurudia darasa.

Basi mwanangu, mtoto akishindwa na kisanduku, weka kalamu pembeni. Mwonyeshe yote kwanza, ndipo ufiche, apande kutoka kile anachokiona mpaka kwenye yote. Usimwite mjinga kwa ile nane, anafanya alichofundishwa. Na siku atakapopata jibu la kweli, hata kama linakuchoma wewe, mwambie amepata. Ukimdanganya kwa jibu alilolipata mwenyewe, ataacha kuamini kichwa chake, halafu ataacha kukuamini wewe.

Mungu akupe uvumilivu zaidi kuliko ule alionipa mimi. Awalinde watoto aliokuachia mikononi, na wale aliowachukua awatunze mpaka tuwaone. Amina. Enda sasa, mtoto anakungoja.