Muuguzi Aliyeitwa Ofisi ya Kodi

Naomba radhi mapema: kisa hiki kinataka mikono na macho ya jukwaani, nami hapa nina wino tu, kwa hiyo nitakiharibu.

Juzi, katika ofisi ya kodi hapa Busia, mbele yangu alikuwa muuguzi aliyeitwa kwa ujumbe wa simu alete ritani, yaani tamko la mapato yake ya mwaka. Alibana kifuani barua ya mwenyekiti wa kijiji, ikithibitisha kwamba yeye si mwizi.

"Mimi mshahara wanakata kila mwezi," alimwambia karani. "Sasa naitwa ya nini? Nikifungwa, watoto nawaacha na nani?"

"Hakuna wa kukufunga, sista. Unafanya kazi wapi?"

"Dabani, kwa kituo cha afya." Akaongeza, "Na wikendi, kliniki moja ya Tororo."

"Ni hapo sasa. Kila mwajiri anakukata kama vile mwenzake hayupo. Ritani inaweka mishahara yote pamoja, ndiyo tujue kodi yako kamili."

Akashusha pumzi iliyosikika hadi mlangoni. Mimi nikaangua kicheko: mtu mzima kuogopa fomu!

Karani akanigeukia. "Na wewe, mzee?"

"Mwalimu tu. Mshahara mmoja. Nimefuata namba yangu ya kodi iliyopotea."

Muuguzi akanitazama kwa moyo mweupe kabisa. "Mwalimu, si wewe ndiye emsii, mshereheshaji wa harusi zetu zote? Na gazetini si unaandika?"

Karani akanivutia kiti. Wasomaji, aliyeficha kazi mle ndani alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akicheka.