Gari Lililokamwa Mara Mbili

Mjomba wangu alilizunguka gari la umeme mara tatu, akalipiga kofi la makalio, kisha akamkazia macho mwenye gari.

"Hii imekamwa lini?"

Wallahi sitanii. Mimi ndiye niliyemleta pale, na mimi ndiye niliyetamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini msimcheke bado.

Naitwa Hamze, naishi Garissa mjini. Kwa miaka minne nimekuwa na hatchback nyekundu, milango mitatu, imelala chini, ekzosi ya kelele. Vijana wa mtaa wetu walikuwa wanajua narudi nyumbani nikiwa bado niko darajani. Nilikuwa nalipenda lile gari, mnisamehe.

Shida ilianza mke wangu alipopata oda.

Istahil anauza maziwa ya ngamia, yeye na akina mama wenzake sita. Wanayakusanya kwa wafugaji, kilomita thelathini nje ya mji, barabara ya Modogashe. Sasa hoteli moja kubwa hapa mjini ikamwambia: kuanzia Jumapili, tuletee kila siku kabla ya saa mbili asubuhi. Ukichelewa mara mbili, oda inaenda kwa mwingine.

Miaka sita amekuwa akitafuta oda kama hiyo.

Haya, jaribu kupakia madumu kumi na mawili kwenye gari la mbio. Manne buti, mengine kiti cha nyuma, moja mapajani mwa mama wa watu. Kila tuta, vifuniko vinaruka. Siku ya majaribio nusu ya mzigo ulifika umechacha, na mimi nikafika nimeloa maziwa mpaka soksi.

"Hamze," Istahil akasema, "toa hiki kichezeo chako tutafute gari la watu wazima."

Nikanuna siku mbili nzima.

Yeye ndiye aliyeliona lile tangazo kwenye grupu la WhatsApp. Gari la umeme, milango mitano, buti kubwa, linakubali kubadilishwa na gari la petroli. Gari kwa gari, hakuna wa kuongeza. Nyumbani tuna sola juu ya paa kwa ajili ya friji ya maziwa. Hesabu yake ilikuwa imekamilika kabla sijamaliza kusoma.

Yangu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Petroli ilivyo sasa, ni mwendawazimu gani anatoa gari lisilokunywa mafuta?

Mwenye gari aliitwa Salah, mtu wa Hola, mfanyakazi wa shirika moja la misaada. Mpole, shati limepigwa pasi, anaongea taratibu. Watu wa aina hiyo ndio ninaowaogopa.

"Nimehamishiwa Dadaab," akanieleza. "Ni kilomita mia. Betri inanifikisha, lakini nikifika nahitaji kuzunguka kambini, halafu nirudi. Halitoshi. Kwa shughuli za hapa mjini, ni gari zuri sana."

Maelezo yamenyooka mno. Nikayaweka pembeni.

Halafu akafanya jambo lililonipandisha presha kabisa. Akaanza kunitajia kasoro.

"AC inakula chaji. Mlango wa nyuma kushoto mgumu. Jua likiwa kali, usilichaji mara tu ukitoka safari, liache lipoe kwanza."

Jamani, mmewahi kuona muuzaji anayetaja kasoro bila kuulizwa? Mimi nikajiambia, huyu ananipa tatu ndogo ili nisitafute moja kubwa.

Nikaitafuta. Nililala chini ya gari kwenye mchanga wa moto. Nikanusa viti. Nikainua kapeti. Nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, ile sehemu ambayo haitoki siku zote, nikaukagua kama kuna mstari wa tope. Gari likiingiwa na maji, mtu anaweza kuosha kila kitu, lakini mkanda ukijikunja ndani hubaki na alama.

Mkanda ulikuwa msafi.

"Unajua sana magari," Salah akasema.

"Kidogo," nikajibu.

Yeye langu aliliangalia kama dakika tano tu. Akaingia, akavuta pumzi. "Linanukia uunsi."

"Mke wangu anapenda harufu ya huo ubani."

"Kuna jambo lolote napaswa kujua?"

"Hili nimelitunza kama mboni ya jicho," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Mtu anaridhikaje upesi hivyo? Nikaenda kumwita Abti Kerrow.

Abti ni kaka wa mama yangu. Kwetu mjomba ni abti, na yeye pia anakuita wewe abti. Ni dalali wa ngamia katika soko la mifugo kwa miaka thelathini, na hajawahi kuendesha hata mkokoteni. Lakini hakuna mtu Garissa aliyewahi kumuuzia mzee yule mnyama mbovu.

Ndipo akauliza lile swali lake la kukama.

Salah akacheka. "Mzee, hili halikamwi. Linachajiwa."

"Ni ile ile," Abti akasema. Kiswahili chake ni cha sokoni. "Mtu ya kuuza ngamia, siku mbili hakami. Kiwele inajaa, wewe naona maziwa mingi, nalipa. Kesho nakama, nakuta nusu kikombe. Hii gari nasema mia kwa mia. Mia ya nani? Bole bole. Tunakama mara mbili, tutajua."

Aibu yangu ikaisha pale pale. Mzee alikuwa ameshika pembe yenyewe. Skrini inaweza kusema mia, kumbe betri imechoka.

Salah akatuachia ufunguo kwa siku mbili bila hata kuomba kitambulisho. Hapo pia nikashtuka.

Alhamisi tulilijaza, tukaenda hadi kwa wafugaji na kurudi, kilomita sitini, madumu yamejaa buti, Abti amekaa mbele kashika fimbo yake. Tulirudi na asilimia arobaini na sita. Ijumaa baada ya swala tukarudia njia ile ile, mzigo ule ule. Arobaini na tano.

Abti akapapasa dashibodi. "Maziwa ni yake," akasema.

Kisha akahamia Kisomali, tukiwa wawili ndani ya gari. "Na la kwako, abti? Lina neno?"

"Halina neno, abti."

"Basi nitalisemea."

Kwa dalali wa ngamia, kusemea mali ya mtu si jambo dogo. Abti akisema mnyama huyu mzima, watu hawafungui mdomo wa mnyama. Wanaondoka naye.

Jumamosi asubuhi tulikutana nyumbani kwangu kubadilishana. Bado nilikuwa na wasiwasi. Kwa nini hakubishana? Kwa nini kila mara anaegesha kivulini? Abti akaniona, akamgeukia Salah.

"Sharia najua hii mchezo ya kiwele. Mwenye kununua ana siku tatu. Akikuta alidanganywa, narudisha mnyama, na juu yake bishi moja ya tende, ya maziwa alikunywa."

"Pishi moja ya tende, sawa," nikadaka haraka. "Siku tatu! Na tuandike!"

"Kila upande?" Salah akauliza.

"Kila upande."

Tukaandika, tukatia sahihi, Abti shahidi. Salah akaondoka na hatchback yangu ikinguruma mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nikabaki nasubiri gari lake linioneshe rangi yake halisi.

Jumapili, Istahil alifika hotelini saa moja na nusu. Maziwa baridi, hakuna tone lililomwagika. Jumatatu hivyo hivyo. Mpishi mkuu akaomba waongeze madumu mawili. Istahil alirudi nyumbani anaimba, na huyo mwanamke haimbi ovyo.

Mimi bado nilikuwa nalala chini ya gari na tochi.

Jumatatu hiyo, baada ya alasiri, lori la maji likasimama nje ya geti. Nyuma yake, kwa mnyororo, lilikuwa linavuta hatchback nyekundu.

Salah akashuka. Shati halikuwa na pasi tena. Alikuwa amembeba binti yake, kama miaka sita hivi, midomo imekauka kwa jua.

"Lilizima katikati, mimi na mtoto tukienda Dadaab," akasema. "Taa zote zikawaka, halafu kimya. Tumekaa saa tatu barabarani mpaka lori hili likapita."

Mtu wa Garissa haambiwi maana ya kukaa saa tatu kwenye barabara ile, tena na mtoto.

Akafungua mlango wa hatchback. Akashika mkanda wa kiti, akauvuta taratibu mpaka mwisho.

Mstari wa tope. Mpana, wa kahawia, umekauka.

"Mimi nimezaliwa Hola," Salah akasema. "Tope la Tana nalijua."

Jamaa zangu, kuna kitu sijawaambia.

Ule ujanja wa mkanda sikuusoma popote. Niliujua kwa sababu ndicho kitu pekee nilichoshindwa kusafisha kwenye gari langu.

Mvua za El Niño zilipofurisha mto, hatchback ilikuwa imeegeshwa kwa rafiki yangu karibu na Tana. Ilikaa majini siku mbili, maji mpaka kwenye viti. Istahil nilimwambia iko Nairobi kwa matengenezo. Wiki tatu fundi alikausha, akaosha, akabadilisha alichoweza. Harufu ya uvundo ikakataa kutoka, nikawa nafukiza uunsi kila Ijumaa. Mke wangu alidhani ni mahaba.

Tangu hapo lilinizimikia mara mbili njiani. Kwa hiyo Istahil aliposema tulitoe, nilinuna kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nasema alhamdulillahi.

Sasa mnajua kwa nini nilimshuku Salah. Kila alilosema nililipima kwa uongo wangu mwenyewe.

Salah hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Akanipa mfuko wa nailoni.

"Tende," akasema. "Tuliandikiana."

"Lakini wewe ndiye uliyedanganywa," nikasema.

"Nimelitumia siku mbili. Haki yako ni haki yako."

Nilipogeuka, Istahil alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Akaongea Kiswahili, makusudi, ili Salah asikie pia.

"Maji yaliingia lini, Hamze?"

Nikamwambia.

Akahesabu miezi kwa vidole. "Mwaka na nusu mimi nampeleka mwanetu Hani shule na gari hilo. Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na ufunguo wa gari la umeme, akamkabidhi Salah kwa mikono miwili kabla hajauomba. Na oda yake ikaondoka na ufunguo ule, sote tukiangalia.

Salah akayatazama madumu yaliyooshwa, yamepangwa ukutani.

"Kesho mnapeleka maziwa?"

"Tutapeleka," Istahil akasema.

"Na nini?"

Salah akaurudisha ufunguo kiganjani mwa Istahil. "Pelekeni na hili kwanza. Kazini nitapanda gari la ofisi wiki hii. Saa nne nirudishieni."

"Nitalileta mimi mwenyewe, kaka. Siyo yeye."

Abti alipata habari kabla ya magharibi. Alikwenda kwa Salah kwa miguu, akavua kofia mlangoni kwake. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia. "Mimi nilisema hiyo gari mzima. Hiyo maneno ni yangu, si ya mtoto. Nisamehe."

Mzee wa miaka sabini anaomba msamaha kwa uongo wangu. Nililia, sioni haya kusema.

Tukiwa tunarudi akaniambia, "Hamze, tembea mbele."

Hamze. Miaka thelathini na minne ya umri wangu hajawahi kuniita kwa jina. Mwezi mzima baada ya hapo sikusikia neno abti kutoka kinywani mwake.

Salah aliendelea kuwaazima gari kila asubuhi, mpaka wiki ya tatu alipopata jingine la petroli, akaliuza la umeme kwa Istahil na wenzake. Hati ya mauzo ina majina saba ya akina mama. Langu halimo. Hatchback nilimpa fundi mwingine aivunje vipuri, nikamweleza habari ya maji mara tatu mpaka akaniomba niache.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nyani mwenye tochi. Ukijiona unamshuku mtu kupita kiasi, kaa chini ujiulize wewe umeficha nini. Hilo wengi wenu mnalijua. Ninalowaongezea ni kwamba ukishashikwa na uongo mmoja, hata ukweli wako unakosa mnunuzi.

Kazi yangu siku hizi ni kuchaji. Jana jioni nililichomeka, nikasubiri mpaka likamaliza, nikaingia ndani.

"Istahil, gari limejaa."

Lilikuwa limejaa kweli, mia kwa mia.

Akanitazama. Akavaa viatu, akaenda kuangalia.